Follow the Queen: usimwage doo kabla kadi ya sita haijapita

Bro hebu rudisha hiyo pesa mfukoni kwanza. Umeuliza Follow the Queen, ile poka ya kadi saba, inachezwaje, watu wangapi wanatosha na ubebe dola ngapi, sawa, lakini mimi nimekwama pale ulipoandika "nikipata waildi mbili mapema naingia na pesa zote" (waildi ni kadi inayogeuka kadi yoyote unayotaka). Nani kakufundisha hivyo? Maana hata mimi nilifundishwa hivyo hivyo, na jamaa wa kazini, kwenye gereji yake hapa Minneapolis, tena kwa kujiamini utadhani mchezo kautunga yeye.

Sheria nakupa chapchap. Si ile poka yetu ya mtaani Kenya ambayo Q ni swali na 2 unamlisha mwenzako kadi, hiyo isahau. Hapa kila mtu anapata kadi saba: mbili za kufunika na moja ya wazi, mnaweka dau, halafu tatu zaidi za wazi, kila moja na dau lake, halafu ya saba inafunikwa, dau la mwisho, mnafunua. Unatumia tano bora. Sasa kwini (Q) akitoka wazi, kadi ya wazi inayomfuata, imwangukie yeyote, namba yake ndiyo waildi kwa meza nzima. Ikiwa 7, basi saba zote zinageuka chochote unachotaka, hata uliyoifunika. Nyumba nyingi kwini mwenyewe pia ni waildi muda wote. Kwini aliyefunikwa habadilishi kitu.

Yule jamaa aliishia hapo. "Waildi ikishatoka imetoka." Ndivyo alivyoniambia, na kopo la bia mkononi.

UONGO. Akitoka kwini mwingine wazi, waildi ya zamani inakufa pale pale na kadi inayomfuata huyo wa pili inachukua cheo. Ndiyo maana mchezo ukaitwa hivyo, unamfuata kwini! Na huyu bwana anaucheza tangu akiwa shule, kwa hiyo usiniambie alisahau.

Tulikuwa sita. Mimi nimefunika K na 7, kadi yangu ya kwanza ya wazi K. Raundi inayofuata kwini wa kopa anamwangukia wa kulia kwangu, na kadi inayofuata ni yangu: 7. Yaani K mbili na waildi mbili, wafalme wanne, na mezani wanaona K na 7 tu! Nikaanza kupandisha dau, ikaja kadi ya tano, 9, nikapandisha tena, na jambo ambalo lingepaswa kunishtua ni kwamba hakuna aliyetupa kadi. Hata mama mkwe wake jamaa, shosho wa miwani ya kamba, ananifuata dola kwa dola huku anatafuna karanga. Mimi nikawa najisemea hawa watu wana hela za kuchezea. Kadi ya sita: mimi napata 3, inazunguka, kwini wa shupaza huyo, anatua kwa jirani wa mgawaji, na mgawaji anajigawia 4.

Saba zangu zikabaki saba tu, kama noti za serikali iliyopinduliwa. Mkononi nina peya mbili, na kwenye mchezo wa waildi peya mbili ni takataka. Shosho alikuwa na J mbili na 4 mbili, na 4 ndiyo waildi mpya, yaani J nne; 4 moja kaifunika tangu mwanzo. Nikamfuata hadi mwisho, kwa sababu mwanaume harudi nyuma sivyo, hahaha, na shopping ya wiki ikaondoka na yule mama kwenye bakuli la karanga. Nilipomgeukia jamaa ananiambia eti "nilidhani unajua".

Baadaye nikakaa na kalamu. Mkiwa sita na hakuna aliyetupa kadi, kabla ya kadi ya sita mimi nimeshaona kadi 20, yaani tano zangu na 15 zao za wazi. Zimebaki 32 nisizoziona, na ndani yake makwini watatu. Nafasi ya angalau mmoja wao kutokea kwenye zile kadi sita za wazi ni karibu asilimia 48! Nusu kwa nusu halafu mtu anakwambia weka zote.

Kwa hiyo HESABU MAKWINI. Walio wazi, aliyetupwa ukamwona, uliyemfunika wewe. Wakitimia wanne, waildi haibadiliki tena, mwaga pesa utakavyo. Hawajatimia, unafuata dau dogo na kunyamaza hadi kadi ya sita imzunguke mtu wa mwisho, kwa sababu ya saba inafunikwa na haiwezi kugeuza chochote. Na kabla hamjaanza muulize mwenye nyumba: kwini akiwa ndiye kadi ya wazi ya mwisho kabisa, inakuwaje? Wengi watakwambia ile ya zamani imekufa na wanabaki makwini peke yao. Akijibu "tutaona", wewe kaa ule chipsi.

Watu mwisho saba, kwa sababu saba mara saba ni 49, wa nane kadi hazimtoshi. Hayo mengine wajibu wengine, mi naingia shifti. Ila ukimkuta shosho wa miwani ya kamba kwenye meza hiyo, usikae.