Zimeni ule muziki kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama tamthilia za televisheni zinamtendea haki mwanamke anayejitegemea. Niliposoma swali nilijibu hapana kwa sauti, peke yangu. Mwanamke akipandishwa cheo leo, kesho mume anafungasha. Chukueni Borgen ya Denmark, iliyoanza 2010: Birgitte Nyborg anakuwa waziri mkuu, na kabla msimu wa kwanza haujaisha mumewe anadai talaka. Mwaka uliofuata nchi hiyo ikapata waziri mkuu mwanamke wa kweli, Helle Thorning-Schmidt, naye akaingia madarakani na kutoka akiwa na mume yule yule.

Ila mimi linalonikereketa zaidi ni lile kochi. Mnalijua: bosi mwanamke karudi usiku, nyumba kimya, anakaa.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili hivi. Mama alitulea wanne kwa cherehani, peke yake. Usiku huo alikuwa anapachika vifungo, mdogo wetu kamlalia mapajani, kwa hiyo televisheni tulikuwa tumeizima sauti kabisa. Mwanamke mwenye kampuni yake akafungua mlango, akatupa mkoba, akavua viatu, kimoja huku kingine kule. Akaegemea kochi, akanyoosha miguu juu ya meza, akafumba macho. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemuuliza soksi ziko wapi. Mama akaacha sindano ining'inie kwenye uzi. "Mwone mwenzangu," akasema, "kapumzika." Kisha, polepole, kama anayesoma barua: "Nyumba nzima yake."

Mimi na kiherehere changu nikachukua rimoti nikapandisha sauti. Fidla zikalia, zikalia haswa, za msibani. Mama akasikiliza kidogo.

"Kumbe ana huzuni," akasema, akarudi kwenye vifungo vyake. Mdogo wetu akaamka akilia, nami nikagombezwa kwa hilo, si kwa lile lingine.

Kwa hiyo nilikaa kuandika kwamba watunzi wanamwonea mwanamke huyu. Sasa nimefika hapa naona picha yenyewe haikuwa na uongo. Mtu mchovu, mlango, kochi. Hapo pana haki tele. Na upweke upo, tusidanganyane. Sisi sote tulipoondoka nyumbani, Mama alikuwa akiacha televisheni iwake hadi alfajiri, "kuwe na watu," anavyosema. Siwezi kuapa kwamba zile fidla zilikosea kabisa.

Wanaume nao, kwa kifupi: akivaa aproni lazima aunguze sufuria ili tucheke. Hivi ni vigumu kiasi hicho? Katika Cagney & Lacey ya Marekani, iliyoonyeshwa kati ya 1982 na 1988, Harvey, mume wa yule mpelelezi Lacey, alipika na kulea watoto, na hadithi ikasonga mbele.

Basi jibu langu, na msinibane nalo: ndiyo, zinamtendea haki, kwa kiasi, mpaka sehemu ya mwisho, maana huko ni ama aolewe ama alie. Kama mna shaka, wiki hii tazameni moja bila sauti. Mkifika kwenye kochi, mwacheni akae.