Anti Anajibu: Makato, Madeni na Pesa ya Uzeeni

Barua za mwezi huu karibu zote zimeanzia kwenye karatasi moja, hati ya mshahara. Juu kuna jumla iliyonona, chini kuna kilichobaki, kimekonda, na katikati makato ambayo hakuna aliyewaeleza. Nimechagua sita. Sheria ninazozitaja ni za serikali kuu ya Marekani. Jimbo lako huenda lina zake za ziada.

Shikamoo anti. Nipo ghalani hapa Louisville, mwaka wa tatu sasa. Kila malipo wananikata asilimia 3 ya kitu kinaitwa 401(k). Sikuomba mimi. Nataka niwaambie waache, hela hiyo nimtumie mama Morogoro. Kuna ubaya?
*Kijana wa Ghala*

Marahaba. Hukuomba, ni kweli. Hiyo 401(k) ni akaunti yako ya akiba ya uzeeni, inayopitia kazini. Kampuni nyingi siku hizi humwandikisha mfanyakazi mpya bila kumuuliza, na asiyetaka ndiye anayejaza fomu ya kujitoa. Kabla hujaijaza, nenda ofisi ya utumishi ukaulize: tajiri ananiongezea kiasi gani? Mpango unaoonekana sana ni senti 50 kwa kila dola unayoweka, mpaka asilimia 6 ya mshahara. Tuseme wenu ndio huo, na unapata dola 40,000 kwa mwaka. Kwa asilimia 3 unaweka 1,200, kampuni inakutilia 600. Ungeweka asilimia 6, yaani 2,400, ingekutilia 1,200. Wewe unalia kwamba unakatwa, kumbe unakatwa kidogo, na dola 600 za kwako zinabaki kwa tajiri kila mwaka.

Kisha uliza nyongeza hiyo inakuwa yako lini. Ulichoweka mwenyewe ni chako tangu siku ya kwanza. Cha mwajiri, sheria inamruhusu akishikilie: ama hupati kitu hadi mwaka wa tatu utimie ndipo upewe chote, ama unakipata kidogo kidogo hadi mwaka wa sita. Nawe uko mwaka wa tatu! Mimi kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa kufua mashuka hotelini. Niliacha ikiwa imebaki miezi miwili, nyongeza yote ikarudi kwao. Hawakuniambia, nami sikuuliza. Halafu nikafanya kosa kubwa zaidi: pesa yangu mwenyewe nikaiomba kwa hundi, nikanunulia makochi. Ukiitoa kabla ya umri wa miaka 59 na nusu, kwa kawaida unatozwa kodi ya mapato na juu yake faini ya asilimia 10. Yale makochi sitasema yalinigharimu kiasi gani. Ukihama kazi, agiza pesa ihamishwe moja kwa moja kwenda mpango wa kazi mpya au akaunti ya IRA, yaani akaunti ya uzeeni unayofungua mwenyewe, isipite mikononi mwako.

Zamani mzigo huu haukuwa wa mfanyakazi peke yake. Wengi wa viwandani waliahidiwa pensheni na kampuni. Kisha mwaka 1963 Studebaker wakafunga kiwanda chao cha magari kule South Bend, Indiana, mfuko wa pensheni ukakutwa hautoshi. Wenye miaka 60 na zaidi walilipwa kamili. Wenye miaka 40 hadi 59 waliotumikia angalau miaka kumi waliambulia karibu asilimia 15 ya haki yao. Waliobaki, patupu. Ilichukua hadi 1974 Bunge kupitisha ERISA, sheria ya kulinda pensheni, na miaka minne baadaye kifungu cha 401(k) kikaingizwa kwenye sheria ya kodi. Kampuni zikaona njia: badala ya kukuahidi pensheni, zikuachie akaunti uijaze mwenyewe. Ndiyo maana hakuna aliyekukalisha chini kukueleza. Si kazi yao tena.

Mama naye apate chake. Ila mtumie kutoka akaunti ya benki au kadi iliyotolewa hapa Marekani. Tangu 1 Januari 2026 anayepeleka noti dirishani anakatwa kodi ya asilimia 1.

Anti mpendwa, nadaiwa dola 5,000 kwenye kadi ya mkopo, riba asilimia 22, nalipa 150 kila mwezi na haishuki. Tuko wanawake kumi tunacheza upatu wa dola 300 kwa mwezi, zamu yangu ni mwezi ujao. Hizo 3,000 nilipe kadi au niweke akiba? Mume wangu anasema akiba kwanza.
*Mama Wawili, Columbus*

Inashuka, mdogo wangu, ila kwa mwendo wa kobe. Kwenye hizo 150, mwezi wa kwanza karibu dola 92 ni riba tupu. Ukiendelea hivyo utamaliza baada ya miezi 52, na utakuwa umelipa riba ya dola 2,800 hivi.

Mume wako ana hoja, lakini kwa theluthi moja tu. Weka 1,000 kando, kwenye akaunti usiyoigusa kwa kadi. Utafiti wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2024 ulikuta watu wazima 63 tu kati ya 100 wangeweza kulipa dharura ya dola 400 kwa pesa waliyo nayo. Usiwe kati ya wale 37. Asiye na kitu kando ndiye tairi likipasuka anakimbilia duka la mkopo wa siku ya mshahara, ambako dola 15 kwa kila 100 kwa wiki mbili inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu ya mwaka: asilimia 390.

Zile 2,000 zitupe kwenye kadi siku hiyohiyo. Deni likibaki 3,000 na ukaendelea na 150 zako, unamaliza kwa miezi 26, na riba yote haifiki 800. Yaani dola 2,000 za upatu zimekuokolea dola nyingine 2,000. Hakuna akaunti ya akiba mjini Columbus itakayokufanyia hivyo. Sharti ni moja: hiyo kadi isinunue kitu tena. Ifungie kwenye sanduku la nguo za Idi.

Na upatu wenyewe, kwa kuwa wengi mnaniuliza kama ni ujinga: siuoni hivyo. Hauna riba, na pesa iliyo mikononi mwa kijumbe haina bima, tofauti na ya benki ambayo FDIC, shirika la serikali la bima ya amana, huikinga hadi dola 250,000. Lakini anayepokea zamu za mwanzo amepata mkopo usio na riba, na aibu ya kumkosesha mwenzio hukusanya michango kuliko programu yoyote ya simu. Mnaopokea zamu za mwisho ndio mnaowakopesha wengine bure. Mwaka ujao badilishaneni.

Naendesha teksi ya programu Houston. Kodi ya kujiajiri asilimia 15.3! Na nasikia Social Security, pensheni ya serikali inayolipiwa na kodi hiyo, itafilisika 2033. Nina miaka 42, nimefika nikiwa na 38. Wenzangu wanaandika mapato kidogo. Kwa nini nilipe?
*Dereva*

Mwenzako wa kiwandani hulipa asilimia 7.65, na tajiri wake nyingine kama hiyo. Wewe ndiye mfanyakazi na wewe ndiye tajiri, kwa hiyo unalipa pande zote mbili. Inauma.

Sasa hilo la kufilisika. Wadhamini wa mfuko walisema katika ripoti yao ya 2025 kwamba akiba ya mfuko wa wazee itakwisha 2033. Kinachokwisha ni akiba. Makato ya wanaofanya kazi wakati huo yataendelea kuingia, na kwa hesabu yao yatatosha kulipa asilimia 77 ya mafao. Pengo hilo si dogo, tena linatisha kwa mwenye kutegemea hundi hiyo tu, lakini asilimia 77 si sifuri. Mwaka 1983 mfuko ulifika ukingoni vilevile, na Bunge likaamua umri wa mafao kamili upande polepole kutoka 65 hadi 67.

Wanaoandika mapato kidogo wanajikata mguu. Ili upate mafao unahitaji pointi 40, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya nne, kwa hiyo ni miaka kumi ya kazi iliyoandikwa. Mwaka 2025 pointi moja ilitaka mapato ya dola 1,810. Zaidi ya hapo, hesabu ya mafao huchukua miaka yako 35 yenye mapato makubwa. Wewe ukianzia 38 mpaka 67 una miaka 29. Ile sita iliyopungua inaingizwa kama sifuri. Tayari una sifuri sita. Usiongeze za hiari. Gharama halali za gari na simu ya kazi, hizo ondoa zote, na utunze risiti.

Binamu yangu anataka gari, hana rekodi ya mikopo. Ananiomba nisaini kama mdhamini tu. Nisaini?
*Asiyejua Kukataa, Dallas*

Hiyo "tu" ndiyo yenye gari. Akikosa kulipa, katika majimbo mengi mkopeshaji anaweza kukudai wewe moja kwa moja, hata bila kumgusa yeye kwanza, na ucheleweshaji wake utaandikwa kwenye rekodi yako. Kama una uwezo wa kulipa gari zima na bado mkasalimiana msibani, saini. Kama huna, mchangie malipo ya awali, basi.

Habari mama. Natoka Bukavu, niko Dayton. Mtu anapiga simu hata saa nne usiku juu ya deni la hospitali la miaka tisa. Anasema nitume dola 20 leo nioneshe nia njema. Naogopa polisi.
*Mama wa Bukavu*

Usitume hata senti, na polisi ondoa mawazoni. Kudaiwa na mtu binafsi au hospitali si kosa la jinai. Sheria ya mwaka 1977 inamkataza mkusanya madeni kupiga kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa tatu usiku, na kukutishia kifungo. Mwandikie barua kutaka athibitishe deni. Ukiiandika ndani ya siku 30 tangu akupe taarifa, analazimika kusimamisha madai hadi athibitishe.

Hizo dola 20 ni mtego. Kila jimbo lina muda wa kumshtaki mdaiwa, na miaka tisa imepita kikomo katika majimbo mengi, lakini kwingi malipo kidogo tu yanaweza kuufufua. Ila ukiletewa hati ya mahakama, nenda. Usipotokea unaweza kuhukumiwa ulipe hata deni lililokufa. Na siku nyingine, hospitali zisizo za faida zinatakiwa kuwa na utaratibu ulioandikwa wa kuwasaidia wa kipato kidogo. Omba fomu hiyo kabla hujatoka mlangoni.

Dada, nina miaka 61, nalea wazee wa Kizungu Minneapolis, mgongo umechoka. Nina nyumba Tanga karibu imalizike. Nataka nichukue Social Security nikifika 62 nirudi zangu. Unasemaje?
*Mzee wa Pongwe*

Shikamoo kaka. Kwanza hesabu. Ukiingoja 67 unapata mafao kamili. Tuseme ni dola 1,500 kwa mwezi. Ukianza 62 ni 1,050, maisha yako yote, mbali na nyongeza za kupanda kwa bei. Ukivuta hadi 70 ni 1,860. Aliyengoja 67 humfikia aliyeanza 62 wakiwa na miaka 78 na miezi minane hivi. Wenye mgongo uliochoka siwalaumu kwa kuanza mapema; hesabu hii imetungwa na watu wanaofanya kazi wamekaa.

Linalonitia wasiwasi ni mengine. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi, kwa kawaida haikufuati Tanga. Ukiacha kujiandikisha sehemu yake ya B, ile ya kulipia madaktari, ulipofikisha 65, kisha ukarudi na ugonjwa ukiwa na 70, unaongezewa asilimia 10 ya ada kwa kila mwaka kamili uliokosa. Kama ni raia wa Marekani, mafao yako yatakufuata Tanzania. Kama una kadi ya kijani ya ukaazi tu, kuna masharti kwa anayekaa nje zaidi ya miezi sita, na kadi yenyewe unaweza kuipoteza. Waulize Social Security kabla hujakata tiketi.

Kisha fungua akaunti yako kwenye tovuti yao, utazame mapato ya mwaka mmoja mmoja. Majina yetu hugeuzwa, la baba likawa la kwanza, na miaka ya kazi ikapotea humo. Ukiona mwaka mtupu ambao uliufanyia kazi, tafuta fomu za W-2, zile mwajiri anazoandika mshahara wako wa mwaka, za mwaka huo ukadai usahihishwe. Na ile hati ya kiwanja, kaka, imeandikwa jina la nani? Maana hukusema.