Bunduki ya Askari imeelekea wapi?

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, hunijia vijana wawili watatu kuniuliza kama wasome historia ya sanaa chuo kikuu. Wengine wamekuwa wakichora tangu shule ya msingi na wanadhani ndiyo kozi ya kuchora. Siyo. Kozi za kuchora zipo na ni nzuri, lakini hii ni ya kutazama vitu vilivyotengenezwa na watu: sanamu, kanga, mlango wa Mji Mkongwe, picha ya studio, bango la kinyozi. Unatazama, halafu unaeleza kwa nini kitu kimekuwa hivyo kilivyo na kilikusudiwa kumwambia nani nini. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, nao niliupata kwa kukosea.

Muhula wa kwanza tuliambiwa kila mtu achague kitu kimoja cha mjini akieleze kwa kurasa tatu. Nikachagua Sanamu ya Askari, ile ya kuwakumbuka Waafrika waliotumika upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, pale barabara ya Samora inapokutana na ya Azikiwe, Dar es Salaam. Nilikuwa nimeipita tangu utotoni, nikaona kazi ni nyepesi. Nikaenda moja kwa moja maktaba. Nikaandika Vita Kuu ya Kwanza, Lettow-Vorbeck kamanda wa Wajerumani, Waingereza, mapigano ya Tanga, kurasa zikajaa. Mwalimu akanirudishia karatasi ikiwa na swali moja tu kwa wino mwekundu: "Bunduki imeelekea wapi?"

Sikujua. Kurasa tatu, na sikujua.

Jumamosi nikarudi pale na daftari, nikakaa kivulini ng'ambo ya barabara saa nzima. Dakika kumi za mwanzo niliona nimemaliza kila kitu. Ni baada ya hapo ndipo macho yalipoanza kufanya kazi. Singe, kile kisu cha mdomoni mwa bunduki, imeelekea upande wa bandari. Mwili wa askari umeinama mbele, kama mtu anayesonga, hakusimama wima kama kwenye gwaride. Yuko peke yake, hana ofisa juu yake. Na maandishi ya chini ni ya Kiingereza na Kiswahili, Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1927. Nani alitegemewa kuyasoma yale ya Kiarabu? Swali hilo lilitoka kwenye jiwe, halikutoka kitabuni.

Niliporudi maktaba, vitabu vilevile vikaanza kunisemesha. Nikakuta kwamba mwaka 1909 Wajerumani walikuwa wamesimamisha katika mji huohuo sanamu ya gavana wao wa zamani, Hermann von Wissmann. Wissmann juu, na chini yake askari Mwafrika amemwinulia macho, akiitandaza bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyekufa. Waingereza wakaichukua kama nyara, ikaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu, na wanafunzi wa huko wakaiangusha mwaka 1967, na tena 1968. Sasa ule upweke wa askari wetu ukawa na maana nyingine: yule aliyekuwa chini amepandishwa juu, ingawa aliyempandisha ni mkoloni mwingine.

Kisha Nairobi. Mchongaji yuleyule, James Alexander Stevenson, ndiye aliyetengeneza kumbukumbu ya huko ya mwaka 1928, na pale wamesimama watu watatu, mmoja wao mpagazi, yaani mbeba mizigo wa jeshi. Maandishi ya Dar es Salaam yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini aliyesimama juu ni askari tu. Jina la jeshi lao la wapagazi, Carrier Corps, ndilo lililogeuka kuwa Kariakoo, sokoni tunakonunua vitunguu. Nilipoyaweka haya pamoja nilikaa kimya muda mrefu. Karatasi ya pili niliiandika usiku mmoja.

Kwa hiyo, mdogo wangu, tazama kwanza. Chukua daftari, usichukue simu, kwa sababu ukishapiga picha unajiambia utatazama baadaye. Andika unachokiona kabla ya kuandika unachokijua.

La pili linafuatana na hilo: nenda kwa mafundi. Kinyago cha Kimakonde cha ujamaa, kile cha watu waliobebana, kitabuni kimepigwa picha upande mmoja, wakati kimechongwa ili ukizunguke, na mtu aliye mgongoni ndiye anayembeba wa mbele. Nenda Mwenge, kaa na mchongaji, mwone akitoka kwenye tezo kwenda patasi, tupa, mpaka msasa. Atakuonyesha jinsi kiini cheusi cha mpingo kinavyotofautiana na tabaka jeupe la nje, na kwa nini ameliacha kidogo. Au chukua picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya hadibodi. Rangi hiyo inang'aa na haipendi kuchanganywa taratibu, na nusu ya "mtindo" unaosifiwa kwenye makala inaanzia hapo, kwenye kopo.

Mafundi watakupa na maneno. Mlango una mwimo, una kizingiti, una mfaa. Kanga ina pindo, mji na jina. Andika madokezo yako ya kwanza kwa Kiswahili hata kama mtihani ni wa Kiingereza. Mimi nilipoandika kwa Kiingereza nilijikuta nikiona vile tu ambavyo nilikuwa na maneno yake.

Utafundishwa sana Ulaya. Usinune. Jicho utakalolinoa kwa Giotto, mchoraji wa kale wa Italia, litakusaidia Kilwa Kisiwani na kwenye michoro ya miambani Kondoa.

Kuhusu kazi, sitakudanganya, nafasi ni chache. Makumbusho, nyaraka, uhariri wa picha, ualimu, utalii wa utamaduni. Na wengi wetu tulizunguka kabla ya kutulia. Ongeza ujuzi wa pili mapema: upigaji picha, utunzaji wa nyaraka, au lugha. Kijerumani au Kiarabu vitakufungulia makabati ambayo wenzako hawawezi kuyasoma. Mzazi akikuuliza utakula nini, mjibu kwa mpango, usimjibu kwa hasira. Ana haki ya kuuliza.

Na kabla hujatuma maombi ya chuo, mwombe mama au bibi akutolee kanga moja aliyoitunza. Usisome jina lake kwanza. Tazama pindo, tazama mji, tazama ilipofifia na ilipokunjwa kwa miaka. Andika ukurasa mmoja. Halafu soma jina, halafu muulize aliivaa siku gani, na nani alikuwepo.