Chora kwa Web Mercator ila usipimie: yaliyonikuta Rungwe

Jamani wenzangu mnaotengeneza ramani za kwenye brauza, hasa nyie mnaoanza, naomba mnisikilize kwenye hili la kupima urefu kwa Web Mercator, ile njia ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa, maana mi limeshaniumbua mbele ya watu.

Miaka michache nyuma nilipewa kazi ya ramani ya mtandaoni ya mradi wa maji kule Rungwe, ramani inaonyesha tanki, laini kuu na vilula, ukibonyeza laini inakwambia urefu wake. Nikakaa zangu Mbeya mjini na laptop, nikaweka OpenLayers (maktaba ya programu ya kuchora ramani kwenye brauza), nikachora laini juu ya picha ya satelaiti, nikaita getLength(), amri ya kupima urefu, kwenye ile laini yenyewe, namba ikaja, ikaonekana nzuri tu, nikakabidhi kazi. Siku ya kwenda saiti fundi bomba, mzee mmoja mtaratibu sana, akatoa tepu yake ya mita 50 akavuta na kijana wake mara kumi pembeni ya barabara, kipande kimenyooka na hakina mlima, toka kwenye valvu mpaka kilula cha kwanza. Mara ya kumi tepu ikaishia pale pale kwenye zege la kilula. Mita 500. Ramani yangu inasema 510. Mzee akaniangalia akaniuliza, "Mwanangu, hizo kumi tumeziruka wapi?" Tukavuta tena. 500.

Sasa piga hesabu, laini kuu inashuka toka kaskazini kwenda kusini na kwenye ramani ilikua kilomita 14, kwa kosa lile lile ni karibu mita 270 ambazo hazipo, yani kama mabomba 45 ya mita sita sita, na hizo ni hela za wanakijiji.

Kosa lilikua hili. Ramani nyingi za kwenye brauza zinachorwa kwa Web Mercator, ile yenye namba EPSG:3857 kwenye orodha ya mifumo ya ramani, na zile "mita" zake ni za kuaminika ikweta tu, tena mashariki magharibi. Ukisogea kusini au kaskazini kila kitu kinavutika kwa 1 gawanya kwa kosaini ya latitudo. Tukuyu, mji wa Rungwe, iko kama digrii 9.25 kusini, hivo mashariki magharibi unaongezewa asilimia 1.3, na kaskazini kusini inafika karibu asilimia 2 kwa sababu fomula inaichukulia dunia kama mpira kamili wakati latitudo zenyewe ni za dunia iliyobonyea kwenye ncha.

Na hapa ndo pananiuma zaidi. Mtu wa London akipima hivi mita 100 inamtokea kama 160, lazima ashtuke siku hiyo hiyo. Sisi huku kosa ni dogo, linapita machoni, linaingia kwenye ripoti, linaingia kwenye bajeti. Mbeya mpaka Iringa kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 277, Web Mercator itakupa karibu 280, nani atauliza?

Usiiondoe 3857 kwenye kuonyesha, tailzi (vile vipande vya picha vinavyounganishwa kuwa ramani) zinakuja hivo na ukibadilisha utajitesa bure. Kwenye kupima ndo uhame. Wengi wanakimbilia getLength ya ol/sphere (sehemu nyingine ya OpenLayers), au Turf, au distanceTo ya Leaflet, maktaba nyingine za ramani, na ni kweli zinasaidia sana, ila jua zinapima kwenye mpira kamili, kwa hiyo huku kwetu laini ya kaskazini kusini bado inazidi kwa kama nusu asilimia, ile 500 ya mzee itasoma karibu 503. Kwa kuonyesha umbali wa zahanati inatosha kabisa, kwa kununua mabomba mi siikubali.

Ninachofanya siku hizi data inakaa PostGIS (hifadhidata ya ramani) kwa EPSG:4326, yani latitudo na longitudo za digrii, na urefu unapimwa kule kule kwenye seva kwa amri ya ST_Length baada ya kugeuza kuwa geography (aina ya data inayojua dunia imepinda), inapima kwenye ile dunia iliyobonyea na inarudisha mita. Ukisahau kugeuza inarudisha digrii. Kuna siku nilitaka bafa (ukanda wa kuzunguka kitu) ya mita 60 pembeni ya mto, ile ya sheria ya mazingira ya 2004, nikasahau, nikapata bafa ya digrii 60 iliyoimeza Afrika nzima.

Njia nyingine ni UTM, mfumo unaoikata dunia kwa zoni za digrii sita sita na kupima kwa mita. Mbeya tuna bahati, zoni 36S (EPSG:32736) mstari wake wa kati ni digrii 33 mashariki na mji uko kama 33.46, hivo kila kilomita inapungua kama sentimita 37 tu. Ila ukifanya kazi na sevea mwenye total station (mashine ya kupimia umbali na pembe) atakwambia inapungua zaidi, na yuko sahihi, maana sisi tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na huo mwinuko unaongeza kama sentimita 27 kwa kilomita aridhini ambazo UTM haizioni. Iringa mjini bado ni 36S ila iko pembeni kabisa, ukishuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni ushaingia 37S, kwa hiyo data ya wilaya ya Kilolo usiilazimishe zoni moja bila kuangalia, hapo mi natumia geography naachana na zoni.

Alafu shepufaili (faili la data ya ramani) ya zamani ukipewa uliza kama ni Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo wa huku kwetu. Ukiisoma kama WGS 84, ule mfumo wa GPS, vitu vinahama kama mita 300, kilula kinaenda kukaa kwenye shamba la chai la watu.

Kabla hujakabidhi kazi tafuta barabara iliyonyooka na tambarare, vuta tepu mita 200, weka alama mbili zinazoonekana kwenye picha ya satelaiti, kisha pima kwenye ramani yako. Picha yenyewe inaweza kukupoteza mita moja hivi, ila ikikupa 204 usimpigie mteja, rudi kwenye kodi ya programu yako.