Maswali na Majibu: Sentensi ya Kiingereza Haipimwi kwa Rula

Mwalimu mmoja anasema aina za sentensi za Kiingereza ni nne, mwingine anasema tatu. Nimfuate nani? (Kidato cha pili, Mpwapwa)

Wote wawili. Kwa kazi yake, sentensi ni taarifa, swali, amri au mshangao. Kwa muundo, ni sahili (kishazi kimoja, yaani kiima, au mtenda, na kitenzi chake), ambatano (vishazi huru, vinavyojitegemea, viwili au zaidi) au changamano (kishazi huru pamoja na kishazi tegemezi, kisichojitegemea), na wapo wanaoongeza ya nne inayochanganya hizo mbili za mwisho. Swali hili nimelijibu mpaka kalamu imechoka. Msiniletee tena.

Mwanangu kanyimwa alama. Sentensi imejaa mstari mzima, yeye kaandika changamano, mwalimu anasema sahili. Si uonevu huu? (Mzazi, Kisasa)

Si uonevu. Sentensi uliyonitumia ni hii: "The old man selling grapes by the road to Hombolo has been waiting for a buyer since morning." Maneno 18, lakini kitenzi chenye kiima na wakati ni "has been waiting" tu. Hilo "selling" linamweleza mzee, halijitegemei. Kishazi kimoja, basi sahili. Sasa tazama "I called, but she slept." Maneno matano, vishazi huru viwili: ambatano.

Twisheni ndizo zinazowaponza watoto wetu. Wanakaririshwa kwamba fupi ni sahili na ndefu ni changamano, wanaimba fasili kama ngonjera, ukiwapa sentensi moja waichambue, kimya. Mtoto apigie mstari vitenzi kwanza, ndipo ataje jina. Wala asione "and" akaropoka ambatano: "He ate and slept" ni sahili, maana kiima kimoja kimebeba vitenzi vyote viwili.

"Although it rained, but we went" ni sahihi? (Kondoa)

Hapana. Toa "although" au toa "but".

"Because the road was bad." Kwa nini imekatwa kwenye insha? (Bahi)

Ukiulizwa kwa mdomo sababu ya kuchelewa, inatosha. Kwenye insha ni kishazi tegemezi kilichotelekezwa. Kipe kikuu chake: "We came late because the road was bad."

Unauza notsi? (Chang'ombe)

Siuzi.

Nikiweka "please", amri inageuka swali? (Mwombaji kazi, Area C)

Haigeuki. "Please call me." ni amri yenye adabu, na inaishia kwa nukta. "Could you call me?" ndiyo yenye umbo la swali, ingawa kazi yake ni kuomba. Kwenye barua ya kazi usiandike hata moja kati ya hizo. Andika taarifa: "I would be grateful for an interview." Kisha weka namba ya simu inayopatikana, si ile ya binamu yako.