Maswali yenu: Draupadi, Rama kortini, na mlango wa hekalu

Mara ya mwisho niligusia Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Wahindu, na katiba ya India, maswali yakaja mengi kuliko nilivyotegemea. Nimechukua haya machache, mengine mtanivumilia.

Mhindi na Mhindu si kitu kimoja tu?

Hapana ndugu yangu. Mhindi ni mtu wa India au mwenye asili ya huko, anaweza kuwa Muislamu, Mkristo, Singasinga, yoyote yule. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Huku kwetu tunachanganya manake tukienda dukani kwa Mhindi hatuulizi anasali wapi. Lakini hata India kwenyewe hilo neno limefika kortini. Kuna kesi iliyoamuliwa 1966, wafuasi wa mwalimu wa dini Swaminarayan (ndo wale wenye mahekalu Nairobi na Mombasa pia) walidai kwamba wao sio Wahindu, ili sheria ya kuwafungulia Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa, milango ya mahekalu isiwahusu. Mahakama ya Juu ikakataa, ikasema madai hayo yanatokana na kutoelewa mafundisho ya Swaminarayan mwenyewe.

Nasikia katiba ya India ina picha ya Rama. Sasa haki iko wapi kwa wasio Wahindu?

Picha ipo kweli, ya Rama, shujaa wa utenzi wa Ramayana ambaye Wahindu wanamwabudu. Nakala ya kwanza iliandikwa kwa mkono na ikapambwa na mchoraji Nandalal Bose na wanafunzi wake, na pale inapoanza sehemu ya haki za msingi wamechorwa Rama, mkewe Sita na mdogo wake Lakshmana wakirudi nyumbani kutoka Lanka. Ila ukiendelea kufunua unamkuta Buddha, unawakuta watawala Waislamu Akbar na Tipu Sultan, unamkuta Gandhi. Na picha haihukumu kesi, kinachohukumu ni maandishi. Mwenyekiti wa kamati ya kuandika rasimu alikuwa Ambedkar, mtu aliyezaliwa kwenye tabaka la walioitwa wasioguswa, ambaye mwaka 1927 kule Mahad yeye na wenzake walichoma hadharani Manusmriti, kitabu cha sheria za matabaka. Ibara ya 17 inafuta kabisa huo utengaji. Ibara ya 25 inampa kila mtu uhuru wa dini.

Hizi tenzi zao si ni vita tu? Haki za binadamu zinaingiaje?

Hili swali nimelipenda sana. Nenda kwenye ule mchezo wa dadu, Mahabharata. Yudhishthira anacheza kamari na binamu zake, anapoteza mali, anapoteza ufalme, anaweka ndugu zake mmoja mmoja wanaliwa, anajiweka yeye mwenyewe analiwa, alafu mwisho kabisa anamweka mkewe Draupadi, naye analiwa. Anatumwa mtu amwite, na Draupadi haanzi kulia, anauliza swali: kaniulizieni, alijipoteza yeye kwanza au alinipoteza mimi kwanza? Yaani kama alishakuwa mtumwa, alikuwa na mamlaka gani ya kuniweka mimi?

Hebu soma tena hapo. Anavutwa kwa nywele mbele ya baraza zima la wanaume na bado anashikilia hoja yake, na Bhishma, mzee anayeheshimiwa kuliko wote mle ndani, anasema dharma (yaani haki na wajibu) ni jambo jembamba mno, hawezi kulijibu. Anayesimama na kusema waziwazi kwamba Draupadi hakupatikana kihalali ni Vikarna, kijana wa upande wa walioshinda! Kwahiyo mtu asiniambie kwamba kuhoji mamlaka ni kitu kilicholetwa na Waingereza. Kimo ndani ya kitabu chenyewe, na kimeachwa bila jibu ili kila kizazi kijibu.

Mungu anawezaje kumiliki kiwanja na kufungua kesi?

Sheria ya India inamchukulia mungu aliyesimikwa hekaluni kama mtu wa kisheria, kama vile kampuni ilivyo, ila mtu aliye kama mtoto mdogo, kwahiyo lazima awepo mtu wa kumsemea. Ndo maana kwenye kesi ya Ayodhya, ya kiwanja cha msikiti ambacho Wahindu wanasema Rama alizaliwa hapo, Rama mtoto (wanamwita Ram Lalla) alikuwa mdai tangu 1989, akisemewa na jaji mstaafu. Tarehe 9 Novemba 2019 majaji 5 walimpa ile ardhi, wakaagiza Waislamu wapewe ekari 5 sehemu nyingine, na wakasema wazi kwamba kubomoa msikiti mwaka 1992 kulivunja sheria. Mimi hiyo sentensi ya mwisho naona haisomwi vya kutosha.

Wewe uko upande gani kuhusu wanawake wa Sabarimala?

Ni hekalu la Ayyappan kule Kerala, mungu aliyeapa useja, na wanawake wa miaka 10 hadi 50 walikuwa hawaruhusiwi. 2018 mahakama ikafungua mlango, majaji 4 kwa 1, na huyo mmoja aliyepinga ndiye alikuwa mwanamke pekee kwenye jopo, Indu Malhotra, akisema korti isiwapimie waumini imani yao. Hoja yake naiheshimu, manake leo korti ikiamua kipi ni cha lazima kwenye dini ya jirani kesho itaamua kwenye yako. Lakini niko na wale 4. Anayezuiliwa pale ni muumini, kafunga, kaja kuomba, na swali lake ni lilelile la Draupadi: mna mamlaka gani juu yangu? Mwaka 2019 maombi ya marejeo yakazaa maswali yaliyopelekwa kwa jopo la majaji 9.

Ndoa ya Kihindu Kenya inatambulika?

Ndiyo dada. Iko ndani ya Sheria ya Ndoa ya 2014 pamoja na ya Kikristo, ya Kiislamu, ya serikali na ya kimila. Ni ya mke mmoja, na isajiliwe, msiishie kwenye kuzunguka moto tu.