Jibu: Dhahabu kwenye faiba inasaidia nini kupima protini?

Ndugu, umeuliza kwa nini watu wapake dhahabu kwenye faiba (uzi mwembamba wa kioo wa kupitishia mwanga) wanapopima protini, ilhali kioo chenyewe kinapitisha mwanga. Shida ni kwamba mwanga karibu wote unabaki ndani. Hata ukimenya ganda la nje, kinachochungulia nje ya kioo ni kidogo tu, nacho hufifia ndani ya nanomita mia chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kingamwili, yaani protini tunayoifunga hapo ili inase ile tunayoipima, ina nanomita 10 hivi. Protini chache zikinasa hapo, mwanga haushtuki.

Chembe nano za dhahabu ndizo hubadilisha mambo. Elektroni zake hutikisika pamoja na mwanga, na kwa chembe ndogo za duara hilo hutokea kwa mwanga wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 520. Nguvu ya mwanga hujikusanya palepale usoni pa chembe, mahali protini inaponasa. Rangi inayomezwa husogea, nawe unaisoma kwa spektromita, kifaa cha kupima rangi za mwanga (ukiipata, kwenye maabara nyingi foleni iko hapo).

Na chembe hizo si ngeni hapa Kisumu. Ule mstari mwekundu wa kipimo cha haraka cha malaria, mara nyingi ni dhahabu iliyovikwa kingamwili za kushika HRP2, protini ya kimelea cha malaria.

Grafini oksaidi (karatasi nyembamba mno za kaboni yenye oksijeni) nayo ina uso mpana na vikundi vya kaboksili, yaani vishikizo vya kikemia vya kufungia kingamwili, lakini mimi ningeanza na dhahabu. Halafu, ukishafunga kingamwili, ziba nafasi zilizobaki kwa albumini ya ng'ombe (protini ya damu yake), la sivyo kila protini ya damu itajibandika na utashangilia namba za uongo. Jaribu kwenye bafa safi (maji ya chumvi yenye asidi isiyobadilika) kwanza, seramu (majimaji ya damu) baadaye.